Dunia Kubwa au Dunia Kuu? Ufafanuzi wa Sayari ya 55 Cancri e

Utangulizi

Tangu mwaka 1995, wanafalaki walipothibitisha kuwepo kwa sayari inayoizunguka nyota inayofanana na Jua, sayari zaidi ya 5,000 zimegunduliwa nje ya mfumo wetu wa Jua. Baadhi yake zina tungamo linalozidi la Dunia lakini halifikii lile la Neptuni. Wataalamu huziita kwa jina ambalo katika Kiswahili aghalabu hufasiriwa kuwa "dunia kuu". Makala haya yanaifafanua mojawapo ya sayari hizo, 55 Cancri e, na kuonyesha kwamba jina hilo linaweza kumpotosha msomaji asiyetahadhari.

Mahali ilipo

Nyota 55 Cancri iko katika buruji ya Saratani, yaani Kaa, umbali wa takriban miaka 41 ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5. Nyota hii inafanana na Jua ingawa ni ndogo kidogo na ina joto pungufu kidogo. Inazungukwa na sayari tano zinazojulikana. Mwaka 2015, Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki uliipa nyota hiyo jina la Copernicus, na sayari yetu ikaitwa Janssen, kwa kumkumbuka mtengenezaji miwani wa Uholanzi anayehusishwa na uvumbuzi wa darubini.

Kosa la hesabu na kusahihishwa kwake

Sayari hii iligunduliwa mwaka 2004 na kundi la wanafalaki lililoongozwa na Barbara McArthur wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Hawakuiona kwa macho, bali waliona nyota yake ikiyumba kidogo kutokana na mvuto wa sayari hiyo. Walikadiria kwamba sayari huizunguka nyota yake kwa siku 2.8, na kwamba tungamo lake ni takriban mara 14 ya lile la Dunia.

Mwaka 2010, Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walibainisha kwamba hesabu hiyo haikuwa sahihi. Mzunguko mmoja huchukua siku 0.74 tu, yaani saa zisizotimia 18. Kosa lilitokeaje? Nyota hutazamwa usiku, na kwa kawaida mara moja kwa siku. Katika siku moja sayari hii hukamilisha mzunguko mmoja na kuongeza zaidi kidogo ya theluthi. Hali hii ni kama ya mtazamaji uwanjani anayefumba macho na kuyafumbua kila baada ya muda fulani. Mwanariadha akiwa amemaliza duru nzima na theluthi, mtazamaji huyo atadhani amekimbia theluthi tu. Vivyo hivyo, duru nzima ya sayari ilipotea katika hesabu. Iliporejeshwa, tungamo lilishuka hadi takriban mara 8 ya lile la Dunia.

Mwaka 2011, vyombo vya anga vya MOST na Spitzer viliishuhudia sayari ikipita mbele ya nyota yake na kuupunguza mwanga wake kwa kiasi kisichofikia sehemu moja kwa 2,000. Kutokana na upungufu huo, iliwezekana kukadiria kwamba nusukipenyo cha sayari ni karibu mara mbili ya kile cha Dunia.

Hali ya sayari

55 Cancri e iko kilomita milioni 2.3 hivi kutoka kwa nyota yake, ilhali Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwa Jua. Kwa sababu hiyo, hupokea nishati zaidi ya mara 2,000 ya ile tunayoipokea. Inaaminika kwamba upande wake mmoja huielekea nyota daima. Vipimo vya darubini ya James Webb vilivyochapishwa mwaka 2024 vinakadiria joto la upande huo kuwa nyuzi 1,540 za selsiasi, joto linalotosha kuyeyusha miamba. Aidha, vipimo hivyo vinaashiria kwamba huenda sayari ina angahewa yenye gesi za kaboni, inayotokana na bahari ya zaha iliyo chini yake.

Mwaka 2012 kulizuka dhana kwamba huenda sehemu kubwa ya sayari hii ni almasi, na sifa hiyo ikaenea kwa kasi. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyota yake haina kaboni nyingi kama ilivyodhaniwa, hivyo dhana hiyo ikapoteza nguvu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Suala la istilahi

Katika Kiswahili, vivumishi "-kubwa" na "-kuu" havibadilishani nafasi ovyo. Nyumba kubwa hupimwa kwa ukubwa wake, ilhali mwalimu mkuu hupimwa kwa cheo chake, si kwa kimo. "-Kuu" hubeba hadhi. Isitoshe, neno "dunia" halimaanishi sayari pekee. Ni makao ya binadamu na maisha yenyewe, ndiposa aliyekufa husemekana ameiaga dunia. Msomaji anayekutana na "dunia kuu" ana haki ya kutarajia mahali pa kuishi palipo bora kuliko hapa petu. Badala yake anapewa bahari ya mawe yaliyoyeyuka.

Istilahi asilia haidai lolote kuhusu uhai, maji wala hewa. Inataja tungamo tu. Kwa hivyo "dunia kubwa" inaukaribia ukweli zaidi ya "dunia kuu", mradi mwandishi aeleze maana yake inapotumika kwa mara ya kwanza.

Hitimisho

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Wanafalaki walirekebisha idadi ya siku na tungamo la sayari hii kila ushahidi mpya ulipojitokeza. Wanaounda istilahi za sayansi kwa Kiswahili wanastahili kuwa na ujasiri uo huo wa kulipima neno upya, hata likiwa limekwisha kuzoeleka. Mwanafunzi atakayeisoma sayansi kwa lugha hii hatakuwa na darubini mkononi. Atakuwa na neno tu, na kwa neno hilo ataiona sayari.