Keja Mpya Inanuka Rangi? Usihamie Bado!

Umepata bedsita mpya Mnarani, Kilifi, ama ploti flani Malindi. Kuta zinameta, kabati la jikoni bado lina nailoni. Unafungua mlango, harufu inakupiga pua. Wasee wengi husema hiyo ndiyo harufu ya kitu kipya. Zii. Hizo ni kemikali zinatoka kwa ukuta na kabati, zinaingia kifuani mwako.

Zinatoka wapi? Rangi ya mafuta, thina, vanishi na gundi. Lakini mjanja zaidi ni zile mbao za MDF na chipbodi. Ni unga na vipande vya mti vilivyoshikwa na gundi, na mara nyingi gundi hiyo ina fomaldehaidi. Gesi yake huendelea kutoka kwa miezi, hata miaka. Macho yanawasha, koo linakauka, na mwenye pumu anaumia zaidi. Mwaka 2004, IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hupimwa aje? Kwa kipimo kimoja cha Ulaya, kipande cha ubao hufungiwa ndani ya chemba ya maabara: joto nyuzi 23, unyevu asilimia 45, hewa inabadilishwa mara moja kila saa. Gesi isipozidi miligramu 0.124 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, ubao unapewa alama ya E1. Harufu nayo hupimwa kwa pua: kikundi cha watu hunusa hewa ya chemba na kutoa alama.

Sasa rada iko hapa. Malindi si nyuzi 23. Wakati wa kaskazi mchana hupita 30, na unyevu wa bahari ndio huo. Joto na unyevu vikipanda, ubao hutoa gesi zaidi. Alafu WHO inashauri isizidi miligramu 0.1 ndani ya nusu saa. Kwa hivyo E1 ni mwanzo mzuri, lakini si ruhusa ya kulala madirisha yamefungwa. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, chokaa na makuti hazikuwa na gundi hii, na upepo ulipita paani.

Kabla ya kulipa diposti, fanya hivi:

1. Uliza rangi ilipakwa lini. Kama ni juzi, omba wiki kadhaa madirisha yakiwa wazi.

2. Ukitengenezewa kabati, mwambie fundi akuonyeshe alama ya E1, na azibe kingo zote za ubao. Gesi nyingi hupita kwenye kingo zilizo wazi.

3. Weka kipande cha ubao kwenye chupa safi ya kioo, funika, acha siku moja mahali penye joto. Fungua, nusa kidogo tu. Ikichoma pua, tafuta ubao mwingine. Isiponuka, bado fungua madirisha, maana si kila kemikali hunuka.

4. Usifunike harufu kwa udi au ubani. Gesi inabaki palepale, na umeongeza moshi.

Na usiamini pua yako baada ya wiki moja ndani. Pua huzoea harufu, mapafu hayazoei. Mgeni akiingia akuulize "hapa kunanuka nini?", mskize, fungua dirisha, haswa kama kuna mtoto analala humo.