Trekta la Kale la Bustani na Adabu ya Kulitumia

Katika mwaka 1961 kampuni ya International Harvester, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwauzia wakulima wa Marekani matrekta makubwa ya shamba, ilitoa kutoka kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, trekta dogo la rangi ya manjano na nyeupe lililoitwa Cub Cadet, nalo halikukusudiwa mwenye shamba, bali mwenye nyumba aliye na ua mpana, bustani ya mboga, na njia ya kupitishia gari ambayo kila majira ya baridi hufunikwa na theluji. Injini yake ilikuwa ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 7, kazi ya kampuni ya Kohler ya jimbo la Wisconsin, ambayo watu wengi huijua zaidi kwa mabeseni na vyombo vya hamamu. Miaka miwili baadaye John Deere ikaleta trekta lake la 110 kutoka Horicon, katika jimbo hilo hilo la Wisconsin. Na Wheel Horse ya South Bend, Indiana, ilikuwa imekwisha kuingia katika biashara hiyo tangu mwaka 1946.

Yamepita zaidi ya miaka 60, na matrekta ya namna hiyo yangali yakifanya kazi katika nyua za Marekani, kwa kuwa fremu zake ni za chuma kizito, giaboksi zake ni za chuma cha kusubu, na spea zake, za asili au za kuigiza, zingali zikipatikana. Miongoni mwa ndugu zetu waliohamia huko wapo walionunua nyumba zenye ua, wakaliona trekta la kale limelala katika banda la jirani mzee, wakauziwa kwa bei ndogo pamoja na lundo la zana zake, wala hapakuwepo mtu wa kuwafundisha namna ya kulitunza. Hao ndio ninaowaandikia hasa, pamoja na kila apendaye kujua jinsi mtambo mdogo unavyofanya kazi.

Jambo la kwanza analopaswa kulifahamu mwenye chombo hiki ni kwamba kiliundwa katika zama ambazo hapakuwa na swichi chini ya kiti ya kuizima injini pindi mtu anaposhuka, wala kizuizi cha kuvisimamisha visu trekta linaporudi nyuma, wala upinde wa chuma wa kumhifadhi mwendeshaji trekta linapopinduka. Kila hifadhi ambayo trekta la leo limepewa na mtengenezaji wake, la kale huna budi kulipatia wewe kwa desturi za mikono na macho yako. Na ndiyo maana mimi siwezi kulitenga somo la matunzo na somo la usalama, kwani katika chombo hiki ni somo moja.

Tutazame mafuta ya injini, ambayo ndiyo roho ya jambo lote. Injini za Kohler za aina ya K hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, kuna ulimi mdogo wa chuma ambao kila mzunguko huchovya katika oili iliyotuama chini na kuirusha huku na huku, na hayo matone yanayoruka ndiyo yanayolainisha kuta za silinda, beringi na kila kitu kilichomo ndani. Konrodi yenyewe ni ya aluminiamu, nayo huzunguka juu ya krenki ya chuma pasipo bushi wala beringi yoyote kati yake, utando mwembamba wa oili tu. Oili ikipungua hata ulimi usiifikie, aluminiamu hupata moto, hung'ang'ania krenki, kisha konrodi hukatika ilhali injini ingali inazunguka mara 3,600 kwa dakika, na kipande chake aghalabu hutoboa ubavu wa injini na kutokea nje. Uharibifu huo huwa katika muda mfupi kuliko unaohitajika kuufikia ufunguo.

Kwa hiyo kijiti cha kupimia oili hutolewa kila mara kabla ya kuwasha, si kila wiki, na trekta liwe limesimama mahali palipo sawa. Oili yenyewe, ya unene wa SAE 30 katika siku za joto, hubadilishwa kila baada ya saa 25 za kazi, kwa kuwa injini hizi hazina filta ya oili, na uchafu wote hubaki humo humo ukizunguka pamoja nayo. Tena usikitazame kijiti tu, bali kinuse. Utando wa mpira ulio ndani ya pampu ya petroli ukichanika, petroli hupenya na kuteremka ndani ya injini, na mwenye trekta asiyejua hufurahi kuona kiasi cha oili kimepanda, kumbe kilichopanda ni petroli, nayo imeifanya oili kuwa nyepesi kama maji. Ukiona oili imezidi bila ya kuiongeza wewe, usiwashe. Badili utando, mwaga oili yote, tia mpya.

Hapa ndipo matunzo na usalama vinapokutana waziwazi. Ukiliendesha trekta kwa kukatiza ubavu wa mlima, oili yote hujikusanya upande mmoja, ulimi ukabaki unachota hewa. Na wakati huo huo uzito wa trekta, na wako wewe uliyeketi juu yake, umeegemea magurudumu ya upande wa chini. Mteremko ule ule unaoinyima injini oili ndio unaoweza kukupindua. Vitabu vya watengenezaji wa siku hizi huweka nyuzi 15 kuwa ukomo, yaani ardhi inayopanda kiasi cha sentimita 27 kwa kila mita moja ya usawa. Na mimi kwa trekta la kale naona ni hekima kubaki chini ya hapo, kupanda na kushuka moja kwa moja badala ya kukatiza, na kamwe kutokanyaga klachi katikati ya mteremko, kwa sababu trekta lililoachwa huru kuteremka halina ila breki yake, na breki ya miaka 60 haifai kukabidhiwa maisha ya mtu.

Baada ya oili, hewa. Injini hupozwa na upepo unaosukumwa na mapezi ya gurudumu lake zito, ukaongozwa na kifuniko cha bati kupita kati ya mapezi membamba ya silinda. Katika majira ya baridi panya hulipenda mno banda lililo kimya, na hawaoni mahali pazuri pa kujenga kiota kuliko chini ya kile kifuniko, palipo giza na pasipo upepo. Nilipata kuletewa trekta ambalo mwenyewe alilalamika kwamba hupoteza nguvu kila baada ya robo saa, naye alikuwa amekwisha kununua kabureta mpya, plagi mpya na koili mpya. Nilipofungua bolti za bati nikakuta mapezi yote ya silinda yamezibwa na majani makavu na vipande vya godoro. Gharama ya dawa yake ilikuwa brashi na nusu saa. Tangu siku hiyo sikubali kuiwasha injini iliyolala msimu mzima kabla ya kuufungua mfuniko huo, kwani ghairi ya kuiunguza silinda, majani makavu kando ya ekzosi ya moto ni kuni zilizokwisha kupangwa.

Ugonjwa wa umeme ni mwepesi, ingawa ndio unaowapotezea watu fedha nyingi. Injini hizi hutumia pointi, vipande viwili vya metali vinavyokutana na kuachana ili koili itoe cheche, na nafasi baina yake zinapoachana kabisa ni inchi 0.020, takriban nusu milimita. Unyevu wa banda huzitia kutu nyembamba isiyoonekana, cheche ikadhoofika, na hapo kabureta isiyo na hatia hufunguliwa na kuharibiwa. Safisha pointi kwanza, pima nafasi yake, kisha ya plagi, ambayo kwa injini yenye koili ya betri ni inchi 0.035, na kumbuka kwamba nafasi ya pointi ndiyo inayoamua wakati wa cheche, nayo ukiipanua kupita kiasi cheche hutangulia na injini hukupiga teke wakati wa kuiwasha.

Petroli ya Marekani ya leo aghalabu huwa na asilimia 10 ya kileo cha ethanoli, ambacho huvuta maji kutoka hewani na kuidhoofisha mipira ya zamani. Badili mipira yote ya petroli kwa ya kisasa, na msimu ukiisha imalize petroli iliyomo ndani ya kabureta. Betri, mikanda na magurudumu sina haja ya kuyaeleza, kwani hayatofautiani na ya gari. Isipokuwa niseme kwamba matairi ya nyuma ya baadhi ya matrekta haya yalitiwa maji ya chumvi ya kalsiamu ili kuyaongezea uzito, na chumvi hiyo ikivuja huila rimu, basi uonapo kutu kando ya valvu usikawie.

Sasa tuje kwenye zana zake, na hapa naomba msomaji anipe sikio lake lote.

Sahani ya kufyekea majani, inayoning'inia chini ya tumbo la trekta, ina visu ambavyo ncha zake hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe dogo likipigwa na kisu hicho hutoka kama risasi, na kile kibati cha mdomo wa sahani, ambacho wamiliki wengi wa zamani walikiondoa ili majani yatoke vyema, ndicho kilichokuwa kikilikinga. Ukinunua trekta lisilo na kibati hicho, usifyeke hata siku moja kabla ya kukirudisha. Kadhalika mtoto asipakatwe wala kupandishwa trekta kwa furaha ya kutembezwa, japo alie. Na unaporudi nyuma, zima visu kwanza, geuza kichwa, tazama, ndipo urudi, kwa maana watoto humfuata baba yao kimya, na chombo hiki hakina kitu cha kukuonya. Mafundi wa leo wanaweza kukufungia swichi chini ya kiti na nyingine kwenye klachi, ziungwe katika waya wa koili, na gharama yake ni ndogo mno. Wapo wapenzi wa vyombo vya kale wasemao kwamba kufanya hivyo ni kuuharibu uasili wake; mimi sikubaliani nao, kwani trekta litakalofanya kazi uani si la makumbusho.

Jembe la kuzunguka, lenye makucha yanayopasua udongo nyuma ya trekta, na mashine ya kurusha theluji, yenye parafujo kubwa mbele yake, aghalabu zina hila moja iliyofanana: kuna pini ya chuma laini iliyowekwa kusudi ikatike pindi makucha au parafujo inapokutana na jiwe, ili gia zisivunjike. Mashine ya theluji niliyopata kuinunua mimi ilikuwa imefungwa na mwenyewe wa kwanza bolti ngumu mahali pa pini hiyo, bila shaka kwa kuchoshwa na kuibadili, na kipande cha gogo kilichozikwa na theluji kikapasua giaboksi nzima asubuhi ya siku yangu ya kwanza. Pini dazeni moja ni rahisi kuliko mlo mmoja. Ziweke katika kikasha chini ya kiti. Na mdomo wa mashine hiyo ukizibwa na theluji iliyogandamana, injini izimwe, ufunguo utolewe, na kizibo kiondolewe kwa kijiti, si kwa mkono, kwani hata injini ikiwa imezimwa parafujo huweza kubaki imejikaza kwa nguvu ya mkanda, na inapofunguka huzunguka kiasi cha kutosha kuchukua vidole.

Ukivuta gogo au kung'oa kisiki, mnyororo ufungwe chini kwenye kipande cha kuvutia, usifungwe kamwe juu ya ekseli. Mzigo uliokataa kusogea ukivutwa kutoka juu, trekta huinua pua yake na kuanguka chali juu ya mwendeshaji, na hilo hutendeka upesi kuliko mguu unavyoweza kuifikia klachi.

Yako pia madhara yasiyo na sauti. Bitana za breki na klachi za zama zile, na baadhi ya gasketi, huweza kuwa na asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu baada ya miaka mingi. Basi zisipulizwe kwa upepo wa kompresa, bali zifutwe kwa kitambaa chenye maji. Wala injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa kwa kisingizio cha baridi, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Na ikiwa katika maneno yangu yote utashika moja tu, nakusihi liwe hili: kabla ya kuingiza mkono chini ya sahani ya visu, hata kwa kuondoa jani moja, utoe ufunguo, uchomoe waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe, na kama umeliinua trekta, liketi juu ya stendi za chuma au magogo mapana, wala lisibaki juu ya jeki peke yake.