Je, Wicca Ni Dini ya Kale?

Huko Uingereza wako watu wanaofuata dini iitwayo Wicca. Humwabudu mungu mwenye pembe na mungu mwanamke, na kwa kawaida huadhimisha sikukuu nane kwa mwaka. Wengi hujiita wachawi, lakini mafundisho yao hukataza kumdhuru mtu. Baadhi yao walidai kwamba hiyo ndiyo dini ya mababu wapagani, iliyojificha Ukristu ulipofika. Je, ni kweli?

Kwanza, upagani wa kale ulikuwako. Mtakatifu Augustino wa Canterbury alipofika Kent mwaka 597, Waingereza waliabudu miungu kama Woden na Thunor. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliagiza mahekalu yao yasibomolewe: sanamu ziharibiwe, nyumba zinyunyiziwe maji ya baraka, ili watu wamwabudu Mungu wa kweli mahali walipopazoea.

Pili, Wicca siyo upagani ule. Aliyeieneza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa forodha huko Malaya. Alisema aliingizwa katika kundi la siri mwaka 1939. Kitabu chake juu ya uchawi kilitoka mwaka 1954. Alimfuata Margaret Murray, aliyeandika mwaka 1921 kwamba watu waliouawa zamani kwa kosa la uchawi walikuwa wafuasi wa dini ya kale. Wataalamu walichunguza hati za kesi hizo, wakaona sivyo. Mwaka 1999 Ronald Hutton alionyesha kwamba Wicca ni dini mpya, iliyokusanya mambo ya kale na ya sasa.

Basi waliouawa walikuwa nani? Kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wapata 40,000 hadi 50,000 waliuawa Ulaya, wengi wao wanawake. Karibu wote walikuwa wamebatizwa. Walishtakiwa na jirani zao, na wengi walikiri kwa sababu ya mateso. Mahakimu nao walikuwa Wakristu. Mwaka 1631 Padri Friedrich Spee, Myezuiti, aliwakemea, akionyesha kwamba mateso humfanya hata asiye na kosa ajishtaki.

Tushike mambo mawili. Amri ya kwanza yatukataza kuabudu miungu mingine. Amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Mtoto akifa kijijini, na kikongwe akanyoshewa kidole, Mkristu asiwe miongoni mwa washtaki. Asimame karibu na kikongwe huyo.