Damu Ipimwe Siku Gani?

Mama anayechelewa kupata mtoto huenda akaandikiwa kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni. Homoni hii hupanda baada ya yai kutoka katika ovari. Damu hutolewa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, mwenye mzunguko wa siku 28 hupimwa siku ya 21. Mwenye mzunguko wa siku 35, siku ya 28. Akipimwa mapema ataambiwa yai halitoki, kumbe wakati wake haujafika. Akina mama, andikeni tarehe zenu, mmwonyeshe daktari. Nanyi akina baba, msimtupie mke lawama. Nendeni hospitali pamoja, mpimwe wote wawili.