Kushuka Mapema Ndio Uokoaji wa Kwanza: Elimu ya Mlimani kwa Familia

Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zinapopungua, vijana wetu huelekea Kilimanjaro. Wapo wanaokwenda na shule au vyuo vyao, wapo wanaopanda kuchangisha fedha kwa jambo la kheri, na wapo wanaokwenda kutafuta riziki kwa kubeba mizigo ya wageni. Nyumbani mzazi huombwa vitu viwili, ruhusa na nauli. Sisi tunaona lipo swali ambalo mzazi naye hana budi kuliuliza: je, kijana huyu amefundishwa ni wakati gani ageuke arudi?

Kilimanjaro kina njia zilizokanyagwa vizuri, na katika njia zinazotumiwa na wengi mtu hahitaji kamba. Hilo huwafanya watu wadhani kwamba miguu imara inatosha. Lakini hatari kubwa haipo katika mawe. Ipo katika hewa. Kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, pumzi moja huleta takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Tanga au Mombasa. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini huhitaji muda, na nguvu za misuli haziupunguzi muda huo. Mcheza mpira hodari anaweza kuanguka huku mwalimu wake mtu mzima akiendelea salama.

Tuchukue mfano wa njia ya Marangu. Kituo cha Mandara kipo mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Matabibu wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala usiku uliotangulia, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba kutoka kituo hadi kituo ni kama mita 1,000, yaani maradufu ya ushauri huo. Kwa hiyo siku ya ziada pale Horombo, ambapo watu hupanda kidogo mchana na kurudi kulala chini, si anasa ya kuondolewa ili kupunguza gharama.

Maradhi ya mwinuko huanza kama jambo dogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu. Aliye na dalili hizi asipande zaidi mpaka zimtoke, zikizidi, ashuke. Zipo hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa hupepesuka, huchanganyikiwa, hujibu ovyo. Kipimo chake ni chepesi, mwambie atembee katika mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akiyumba, msisubiri. Ya pili ni mapafu kujaa maji: mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, na kikohozi chake huweza kutoa povu lenye rangi ya damu.

Dawa ya hali zote mbili ni kushuka, usiku huo huo kama njia inapitika, wala mgonjwa asiachwe peke yake. Mara nyingi kushuka mita 300 hadi 1,000 huleta nafuu. Oksijeni na dawa husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka.

Kwa nini basi watu hawashuki? Wengi huona haya, au huhofia kupoteza fedha walizolipa, au hawataki kuwarudisha nyuma wenzao. Mpagazi huficha kichwa kinachomuuma kwa kuogopa kukosa ujira wake, ingawa baridi na mwinuko havimbagui mwenyeji na mgeni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa sababu hiyo mafunzo mazuri huanza na ulimi kabla ya miguu: kijana ajifunze kusema "naumwa" bila aibu, na kundi lijifunze kumshukuru aliyesema. Tumefundishwa kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Mlimani amiri huyo awe na mamlaka ya kuirudisha safari, na kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia, maana ubongo ulioguswa na ugonjwa haujitambui.

Baridi nayo ina elimu yake. Safari ya kileleni huanza karibu saa sita za usiku, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji na kuunyang'anya mwili joto. Anayetetemeka, akaongea kwa kuburura maneno na kujikwaa, avuliwe nguo mbichi, atandikiwe kitu kikavu chini, afunikwe, na kama ana fahamu zake apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Kutetemeka kukikoma naye hajapata joto, hatari imezidi.

Aliyepotea asitangetange. Akae mahali pamoja, ajikinge na upepo, apige filimbi mara tatu, apumzike, kisha arudie. Watafutaji huanzia pale alipoonekana mara ya mwisho. Kila hatua anayoongeza hulipanua eneo la kutafutwa. Hapa familia ina kazi yake. Andikeni njia atakayopita, siku ya kurudi, rangi ya koti, alama za soli ya kiatu, na dawa anazotumia. Karatasi hiyo moja huweza kuokoa saa nyingi.

Tukumbuke pia kwamba kila uokoaji huhatarisha wengine. Kilimanjaro mgonjwa hushushwa kwa machela yenye gurudumu moja, ikishikwa na watu kadhaa wanaopokezana katika miteremko ya mawe, mara nyingine gizani. Anayeshuka mapema kwa miguu yake huwaepusha watu hao na hatari.

Safari ikiangukia Ramadhani, kijana akumbushwe ruhusa aliyopewa msafiri ya kula na kulipa baadaye, kwani mwili uliokauka maji huchoka upesi kwenye baridi na mwinuko.

Basi wazazi wenzetu, kabla ya kutoa ruhusa, ulizeni: safari ni ya siku ngapi? Nani ana uamuzi wa kurudi? Kiongozi amejifunza huduma ya kwanza ya mlimani? Machela na oksijeni vipo? Kisha muulizeni kijana mwenyewe dalili za kugeuka ni zipi. Akishindwa kuzitaja, muda wa kumfundisha bado upo, naye angali nyumbani.