Kisu cha Msako wa Nguruwe: Ukali Peke Yake Hautoshi

WAHENGA walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo ni njema karamuni, ambako nyama imekwisha kuiva na mnyama hana tena la kujibu. Porini mambo ni mengine. Mbele ya nguruwe aliyezingirwa, mwenye kisu kikali kisichofaa aweza kurudi nyumbani bila nyama na bila vidole.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona habari za uwindaji katika ukurasa wa jamaa wa mjini. Lakini wangapi miongoni mwetu hawana shamba kijijini? Mfanyakazi wa kiwandani au wa ofisini hupata likizo yake mahindi yanapoanza kubeba, akaenda kuwaona wazee, na huko akakuta robo eka imelazwa chini kwa usiku mmoja. Mihogo imefukuliwa, viazi vitamu vimeliwa, karanga zimetifuliwa. Vijana wa kijiji wanapanga msako, naye haoni vema kubaki nyumbani. Ndipo anapopita dukani, au anapofungua kabati la jikoni, na kuuliza: nichukue kisu gani?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kamili. Hata wale ambao dini yao haiwaruhusu kuila nyama hiyo wanahusika, kwa maana nguruwe haulizi dini ya mwenye shamba.

MJUE ADUI WA SHAMBA

Kwanza tusichanganye wanyama wawili. Ngiri ni yule mwenye vinundu usoni, atembeaye mchana na kukimbia mkia juu kama mlingoti. Chakula chake kikubwa ni majani, naye hula akiwa amepiga magoti ya mbele; usiku hulala shimoni. Nguruwe pori ni mwenye manyoya marefu zaidi na mgongo wenye singa. Huyu hutembea usiku, hukaa vichakani penye maji, na hufukua mizizi kwa pua yake. Mara nyingi ndiye mharibifu wa mashamba. Mkubwa wake aweza kufika kilo 100 na kuzidi, na huenda kwa makundi ya dume, majike na watoto.

Meno yake ya chini hujinoa yenyewe kwa kusuguana na ya juu. Akijeruhiwa, au akiona watoto wake wamo hatarini, hakimbii sikuzote, hugeuka. Hushambulia kwa kichwa kilichoinamishwa na kukirusha juu, na urefu wa kichwa chake ndio urefu wa paja la mtu. Mshipa mkubwa wa damu upitao pajani ukikatwa, dakika chache zatosha kumaliza maisha. Mwenye kujua hayo hataki tena kwenda porini na kisu cha kukatia mkate.

KISU NI SILAHA YA MWISHO

Wawindaji wa Ulaya ya zamani, waliowinda nguruwe mwitu wa misitu yao, walitumia mkuki wenye ubao au chuma kilichokingama chini ya bapa. Kazi ya chuma hicho ilikuwa kumzuia nguruwe aliyechomwa asiupande mkuki na kumfikia aliyeushika. Kisu kilifuata baadaye, mnyama alipokwisha kushindwa nguvu. Huko New Zealand, ambako nahodha Mwingereza James Cook alipeleka nguruwe katika safari yake ya mwaka 1773, vizazi vya nguruwe wa namna hiyo vimeenea porini. Wawindaji wa huko hutumia mbwa waliofundishwa, na kisu huingia kazini pale tu mbwa wanapokuwa wamemshika mnyama sawasawa.

Mafunzo ya pande zote mbili ni mamoja: kisu hakianzi vita, bali humaliza. Anayemkimbilia nguruwe mzima na kisu mkononi haoneshi ushujaa, bali anatafuta kilio. Mkuki humweka mtu mbali na meno, lakini kisu humleta karibu nayo.

Je, panga? Panga ni chombo cha kufyekea njia na kukatia kuni. Katika kundi la watu na mbwa wanaosukumana kichakani gizani, panga linalorushwa huku na huku humkata jirani kabla halijamkata nguruwe. Libaki kiunoni.

MAMBO SITA YA KUANGALIA DUKANI

Sasa tuje kwenye kisu chenyewe.

La kwanza ni kinga ya mkono, nalo ndilo watu wengi hulisahau. Tazama mahali mpini unapokutana na bapa. Je, pana kizuizi kinachotokeza ili vidole visiteleze kwenda mbele? Kisu cha jikoni mara nyingi hakina kizuizi cha kutosha. Ukichoma na ncha ikagonga mfupa, kisu husimama ghafula lakini mkono haukomi. Kwa kuwa mpini umelowa damu, vidole huteleza juu ya makali. Mishipa ya kukunjia vidole hukatika mara moja. Fikiri, ndugu msomaji, fundi cherehani, dereva au mpiga chapa asiyeweza tena kukunja vidole vyake! Msako wa usiku mmoja umemwondolea riziki ya miaka ishirini.

La pili ni chuma kilichomo ndani ya mpini. Visu vingi vya bei rahisi vina kijiti chembamba tu cha chuma kilichoingizwa kwenye mti au plastiki. Vikikazwa, huvunjika hapo hapo. Tafuta kisu ambacho bapa lake laendelea hadi mwisho wa mpini kwa upana ule ule, na mpini umefungwa kwa ribiti pande zote mbili. Ukikitazama kwa upande wa mgongo utauona ukanda wa chuma katikati. Kisu cha kukunja kisitumiwe hata kidogo kwa kazi ya kuchoma, kwa sababu chaweza kujifunga juu ya vidole, na damu ikiingia kwenye bawaba haisafishiki.

La tatu ni urefu. Moyo wa nguruwe uko chini, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ili kuufikia kwa mnyama mkubwa, bapa la sentimita 15 hadi 20 latosha. Refu kuliko hilo huwa gumu kuongoza kichakani, na fupi mno humjeruhi mnyama bila kumwua, jambo ambalo ni ukatili na hatari pia. Kwa kuchuna ngozi, kisu kingine cha sentimita 10 hivi, chenye tumbo la mviringo, ndicho kifaacho. Kisu kimoja hakifanyi kazi zote mbili vizuri.

La nne ni aina ya chuma. Chuma cha pua cha kawaida hunoleka upesi na hukaa na makali, lakini hushika kutu kikiachwa na damu au maji. Kile kisichoshika kutu, kilichoanza kufuliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 kwa juhudi za Harry Brearley, huwa na kromiamu isiyopungua sehemu 10 na nusu kwa kila sehemu 100. Hicho hustahimili unyevu, ingawa aina zake za bei rahisi huwa laini na hupoteza makali haraka. Usidharau pia kazi ya wahunzi wetu. Springi ya gari ikifuliwa vizuri, ikapashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikazamishwa katika mafuta, kisha ikapashwa tena kwa moto wa kiasi ili isiwe tete kama kioo, hutoa kisu cha kushindana na vingi vya ng'ambo. Kama mhunzi akikuruhusu, pitisha tupa taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimekazwa. Ikiuma kama kwenye msumari, ni laini.

La tano ni mpini. Usichague unaong'aa na kuteleza kama sahani. Lowesha mkono wako maji, ukishike na kukikaza. Kikizunguka mkononi, kirudishe. Mpini wa rangi kali, kama nyekundu au ya machungwa, huonekana upesi kikianguka majanini.

La sita ni ala. Kisu bila ala ni hatari kwa mwenyewe hata kabla nguruwe hajaonekana. Ala iwe ngumu kiasi ambacho ncha haiwezi kuitoboa mtu akianguka, ifunike makali yote, na iwe na ukanda wa kukizuia kisu kisichomoke mtu anapokimbia.

SHERIA NA USALAMA

Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba mharibifu wa shamba hana mwenyewe. Wanyamapori ni mali ya taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1974, yakataza kuwinda bila kibali, na yakataza njia kama sumu, mashimo na mitego. Kwa hiyo kabla ya kununua kisu, nenda na viongozi wa kijiji kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Mweleze hasara iliyopatikana, na umwulize msako ufanyweje, na watu gani, na silaha gani. Mnyama akiuawa katika kulinda maisha au mali, habari zitolewe mara moja. Nyama si ya kugawana kimyakimya.

Katika safari, kisu kifungwe ndani ya mzigo. Kukipachika kiunoni ndani ya basi ni kuwatisha abiria na kujitafutia maswali ya polisi.

Mtu akijeruhiwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na umkimbize hospitali. Jeraha la jino lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mganga aulizwe juu ya sindano ya pepopunda.

KISU KIKIRUDI NYUMBANI

Hatari ya mwisho huja na basi la kurudia mjini. Ngiri na nguruwe pori huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu R. E. Montgomery, nchini Kenya, mwaka 1921, na mpaka leo hauna tiba. Haumpati binadamu, lakini ukiingia bandani huweza kuwaua nguruwe wote. Virusi hukaa muda mrefu katika damu na nyama. Hivyo kisu chenye damu iliyokauka kwenye maungio ya mpini, viatu vyenye matope, au kipande cha nyama kilichotupwa katika pumba, vyaweza kufilisi jamaa nzima inayosomesha watoto kwa nguruwe watano wa uani. Kama unafuga, au jirani yako anafuga, osha kisu kwa sabuni na maji ya moto huko huko kijijini, fua nguo, na usiletee mabaki ya mnyama yule bandani kamwe.

Kwa wale ambao nyama hiyo ni halali kwao na wameipata kwa njia ya sheria, ipikwe hadi ndani kabisa pasiwe na wekundu, kwa kuwa minyoo midogo isiyoonekana kwa macho hujificha katika misuli ya nguruwe wa porini. Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari.

Kisha kikaushe kisu, kipake mafuta ya kupikia kidogo, na ukihifadhi nje ya ala ya ngozi, maana ngozi huvuta unyevu na kukitia kutu. Kiwekwe juu, penye kufuli, mbali na watoto. Kuna msemo kwamba mtoto akililia wembe mpe. Lakini mzazi mwenye busara hauachi wembe mahali pa kuliliwa.

Yafaa tukumbuke kwamba shamba huokolewa zaidi na mambo yasiyo na makelele: kufyeka vichaka vya kando ambamo nguruwe hujificha mchana, kulima mashamba kwa pamoja ili mpaka wa kulinda uwe mfupi, na kupanga zamu za kukesha usiku mahindi yanapokomaa. Mwenye likizo ya siku 28 aweza kuwasaidia wazee wake katika kazi hizo zote tatu. Akifanya hivyo, huenda kisu chake kizuri kikarudi mjini bila kuchomolewa, na mahindi yakabaki yamesimama.