Kabla ya Kuvuka Mwamba, Jifunze Kurudi

Hivi majuzi mwalimu mmoja kijana, aliyehamia pwani ya kusini kutoka bara, alinijia kwa furaha ya mtu aliyepata mali. Alikuwa amenunua mtumbwi mdogo, kafi mbili, na mshipi wa nailoni ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ungefika kuzimu. Alitaka nimweleze walipo chewa. Nikamwuliza Jumamosi ile maji yangepwa saa ngapi. Hakujua. Nikamwambia kwamba hajaanza kuvua.

Sikusema hivyo kwa majivuno. Miaka mingi iliyopita mimi na rafiki yangu tulivuka mlango wa mwamba huko Msambweni alfajiri ya bamvua. Bahari ilikuwa shwari kama mafuta sahanini. Changu walishika chambo mfululizo nasi tukasahau saa. Tulipogeuza mtumbwi, yapata saa tatu asubuhi, maji yote yaliyojaa ndani ya mwamba usiku yalikuwa yakitoka kwa kishindo kupitia mlango ule mwembamba, huku mawimbi ya bahari kuu yakiingia. Yanapokutana hayo mawili, wimbi husimama wima na kuvunjika. Tulipinduka. Samaki, mishipi na kafi moja vikaenda zake, nasi tukaning'inia ubavuni mwa mtumbwi hadi mzee mmoja alipotuona na kutupandisha katika ngalawa yake. Hakutupeleka pwani. Alitia nanga nje ya mwamba, tukakaa juani hadi adhuhuri, maji yalipoanza kujaa.

"Wanangu," alisema, "samaki mliwajua. Mlango hamkuujua."

Basi msomaji anayetamani uvuvi huu na aanze na mwezi kabla ya ndoana. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, na hapo tofauti ya maji makuu na maji madogo katika pwani yetu hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo mkondo wake ni mpole. Hayo ndiyo maji ya mwanagenzi. Saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na majedwali yake huchapishwa kila mwaka. Sielewi kwa nini jedwali hilo halitundikwi ukutani katika kila darasa la jiografia la mwambao. Kisha kuna pepo. Kusi, ambayo huvuma takriban tangu Aprili hadi Oktoba, si majira ya mtumbwi mdogo nje ya mwamba. Mgeni angoje kaskazi itulie, aende na mwenzake, na kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha hata wenyeji wakimcheka.

Vifaa havina makuu: mshipi, chubwi, ndoana chache, vipande vya ngisi, nanga yenye kamba ndefu, na kopo la kukumba maji. Kazi ni kupata jiwe. Mzee yule hakuwa na chombo chochote cha kisasa. Alilinganisha mnazi mmoja na paa la msikiti, kisha akageuza uso na kulinganisha mbuyu na kilima cha mbali. Pale mistari miwili ilipokatana, alitia nanga. Walimu wa hisabati wana somo tayari hapo.

Chewa, ambao wengine huwaita tewa, hukaa kwenye mapango ya jiwe hilo. Akishika chambo, usimpe nafasi ya kurudi pangoni, kwani hutanua matamvua na kujikaza huko hata mshipi ukakatika. Lakini kuna jambo la kufikiri. Aina nyingi za chewa hukomaa kwanza wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Anayewinda wakubwa tu huenda akaondoa madume karibu yote ya jiwe zima. Isitoshe, samaki aliyevutwa kutoka kina kirefu hufura kwa hewa iliyo tumboni mwake, na hata ukimrudisha aweza kuelea na kufa. Kwa hiyo mimi nikipata wawili au watatu wa kunitosha hukunja mshipi. Tena, mipaka ya mbuga za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, haichezewi: humo hakuvuliwi kabisa.

Jumamosi ile mtumbwi wa mwalimu wetu ulibaki mchangani. Tulikwenda kumwamkia mvuvi mmoja mkongwe aliyekuwa akishona tanga chini ya mkungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Alizitwaa kafi zote mbili, akazipima kwa macho, akairudisha moja. "Hii wamekuuzia ya mtoto."